Kamera Itatutambua kwa Rejista Ipi?

Watu wa Kamina, mji wa kusini mwa Kongo (DRC), wamepigwa picha na leta, yaani serikali, mara nyingi kuliko walivyohesabiwa. Sensa ya mwisho ya Kongo nzima ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo, mkazi wa Kamina mwenye umri wa kutosha ameitwa mbele ya kamera ya uandikishaji kwa ajili ya uchaguzi wa 2006, wa 2011, wa 2018 na wa 2023. Kila mara amekaa, ametazama mbele, amebonyeza vidole, kisha amepewa kadi yenye sura yake. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho anachotumia kufungua akaunti ya simu, kupanda ndege na kujieleza mbele ya askari.

Kwa hiyo habari zinapofika kwamba miji mingi ya dunia sasa ina kamera zinazomtambua mtu kwa uso wake, si ajabu maswali yakachanganyika. Je, picha ya kadi ya mpiga kura inatosha kumfuata mtu barabarani? Je, simu inayofunguka kwa uso inapeleka uso huo mahali fulani? Je, kamera hizo zingewekwa kwetu, wezi na wenye silaha wangepungua? Wapo wanaoziona kama dawa ya uhalifu, na wapo wanaoziona kama jicho la serikali lisilolala. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini mara nyingi zinazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja. Uchambuzi huu unalenga kuvitenganisha, kupima hoja za kila upande, na kuonyesha kwa nini katika nchi kama yetu swali la kwanza linapaswa kuwa la rejista, kabla ya kamera.

Kazi mbili zinazoitwa jina moja

Programu ya kutambua uso haimwoni mtu kama jirani anavyomwona jirani. Kwanza hutafuta mahali uso ulipo ndani ya picha, huunyoosha, kisha huugeuza kuwa orodha ya tarakimu, mara nyingi mamia kadhaa, zinazoeleza umbo lake. Orodha hiyo hulinganishwa na orodha nyingine iliyohifadhiwa. Jibu linalotoka ni kiasi cha kufanana. Mashine haisemi kwamba huyu ndiye. Inasema nyuso hizi mbili zimefanana kwa kiasi hiki, na binadamu ndiye aliyeamua kabla ni kiasi gani kitahesabiwa kuwa kinatosha.

Uamuzi huo una gharama kila unapoelekea. Ni sawa na wavu wa mvuvi wa maziwa ya Upemba: macho mapana huachia samaki wengi wapite, macho madogo hukokota hata vifaranga. Kiwango kikiwa kikali, mhalifu hupita bila kugunduliwa. Kikilegezwa, asiye na kosa hukamatwa. Hakuna fundi aliyefanikiwa kuondoa makosa yote mawili kwa pamoja. Anachoweza ni kuchagua lipi lipungue na lipi liongezeke.

Juu ya msingi huo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuthibitisha: mtu anadai kwamba yeye ni fulani, na mashine inalinganisha uso wake na picha moja tu, ya huyo fulani. Simu inayofunguka kwa uso hufanya hivyo, na mlango wa uwanja wa ndege unaosoma pasipoti hufanya hivyo. Mtu anajua kwamba anapimwa, na kwa kawaida ameridhia. Kazi ya pili ni kutafuta: mtu anapita bila kudai chochote, kamera inachukua uso wake, na mashine inaupekua katika maelfu au mamilioni ya picha ikiuliza huyu ni nani. Hapa mtu huenda hajui kwamba anapimwa, na nafasi ya kukosea inakua kadiri picha zinazopekuliwa zinavyoongezeka.

Mjadala mwingi hupotea kwa sababu mafanikio ya kazi ya kwanza hutumika kuipigia debe ya pili, na hofu ya kazi ya pili hutumika kuikataa ya kwanza.

Teknolojia hii imefikaje hapa

Majaribio ya kwanza yalifanyika Marekani katika miaka ya 1960, pale Woodrow Bledsoe na wenzake walipopima kwa mkono umbali kati ya macho, pua na mdomo katika picha, kisha wakaiachia kompyuta ilinganishe. Mwaka 1991 Matthew Turk na Alex Pentland wa chuo cha MIT walionyesha njia ya kompyuta kuifanya kazi hiyo yenyewe. Hatua kubwa ilikuja baada ya 2010, programu zilipoanza kujifunza kutoka mamilioni ya picha ambazo watu wenyewe walikuwa wameziweka kwenye intaneti. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza programu iliyofikia usahihi wa asilimia 97.35 katika mtihani uliokuwa ukitumiwa na watafiti wengi. Mwaka 2017 simu ya iPhone X ikaiweka teknolojia hiyo mfukoni, na simu za bei nafuu, zikiwemo Tecno na Infinix zinazouzwa katika masoko yetu, zikafuata.

Afrika Mashariki iliingia kwa mlango wa usalama. Kenya, baada ya shambulio la kigaidi la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi wenye kamera zipatazo 1,800 jijini Nairobi na Mombasa, kwa vifaa vya Huawei. Mwaka 2018 polisi wa Kenya walitangaza kuanza kutumia utambuzi wa uso. Uganda ilifuata baada ya afisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa kwa risasi Machi 2017. Serikali ilinunua kutoka Huawei mfumo wa kamera wenye thamani ya dola milioni 126.

Kongo imepita njia nyingine. Kwetu uso haukuanza kuchukuliwa kwa ajili ya kamera za barabarani. Ulichukuliwa kwa ajili ya kura. Kampuni za kigeni zilipokezana kuleta mashine: Zetes ya Ubelgiji kwa uchaguzi wa 2006 na wa 2011, Gemalto kwa ule wa 2018, na Miru ya Korea Kusini kwa ule wa 2023. Kitambulisho cha taifa chenyewe kilibaki ahadi. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alipokea kadi ya kwanza katika mradi uliounganisha kampuni ya Afritech na Idemia ya Ufaransa kwa zaidi ya dola bilioni 1. Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulikosoa gharama zake, na mwaka 2024 mradi huo ulivunjika. Kadi ya mpiga kura ikaendelea kufanya kazi ya kitambulisho, ingawa haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hoja ya wanaoitaka

Wanaoitetea teknolojia hii wana sababu nzito, na hawastahili kudharauliwa. Mashariki mwa Kongo imezoea watu wasiojulikana wanaoua kisha kutoweka. Miji ya Katanga inajua wizi wa usiku na magenge. Polisi ni wachache, magari ni machache, na shahidi huogopa kusema. Katika hali hiyo, kamera isiyochoka, isiyolala na isiyotishwa ina mvuto unaoeleweka.

Hoja yao ya pili ni watoto waliopotea. Mwaka 2018 polisi wa Delhi, India, walilinganisha picha za watoto waliopotea na za watoto waliokuwa katika vituo vya malezi, na iliripotiwa kwamba karibu watoto 3,000 walitambuliwa katika muda wa siku chache. Kwa nchi yenye familia nyingi zilizotawanywa na vita, matumizi ya namna hiyo yana uzito wa kibinadamu usiohitaji maelezo.

Hoja ya tatu ni fedha za umma. Tangu 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya uitwao EUSEC ulilisaidia jeshi la Kongo kuwahesabu na kuwatambua askari wake, na kuutenganisha mkono unaolipa mishahara na mkono unaoamuru, kwa sababu majina ya askari hewa yalikuwa yakila fedha ya askari hai. Uganda nayo ilipowahakiki upya wakimbizi wake mwaka 2018 kwa alama za vidole na mboni za macho, idadi ilishuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi karibu milioni 1.1. Kundi la pili kwa ukubwa la wakimbizi hao ni Wakongo, na misaada inayoliwa na majina yasiyo na watu ni chakula kinachotolewa midomoni mwao.

Nguvu ya hoja hizi ni kwamba zinaanzia kwenye maumivu ya kweli. Udhaifu wake unaonekana mifano yenyewe inapochunguzwa. Mafanikio ya uhakiki wa wakimbizi ni ya kazi ya kuthibitisha, mtu akiwa amesimama mbele ya afisa. Hayakutokana na kamera za barabarani, na hayakutokana na uso. Polisi hao hao wa Delhi, baadaye katika mwaka huo huo wa 2018, waliiambia Mahakama Kuu kwamba usahihi wa mfumo wao katika kutafuta waliopotea ulikuwa asilimia 2 tu. Na jijini Kampala, tarehe 1 Juni 2021, kamera zikiwa tayari zimefungwa, watu waliopanda pikipiki walilimiminia risasi gari la waziri wa Uganda, Jenerali Katumba Wamala, wakamuua binti yake na dereva. Kamera zilinasa pikipiki zikipita, hazikuzuia risasi. Kofia ya pikipiki au kitambaa usoni hutosha kumficha yule hasa ambaye kamera iliwekwa kwa ajili yake, huku asiye na la kuficha akibaki wazi.

Hoja ya wanaoipinga

Upande wa pili unaanza na makosa, na hapa ushahidi unawahusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, aliyezaliwa Addis Ababa, walizipima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia ya mtu kutokana na uso. Walitumia picha za wabunge wa nchi tatu za Afrika, Rwanda, Senegal na Afrika Kusini, na nchi tatu za kaskazini mwa Ulaya. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi zaidi, programu mojawapo ilikosea hadi asilimia 34.7.

Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua uso. Katika nyingi, uwezekano wa kuwadhania watu wawili tofauti kuwa mtu mmoja ulikuwa mara 10 hadi 100 zaidi kwa nyuso za baadhi ya jamii kuliko kwa nyingine, na nyuso za watu wa Afrika Magharibi na Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa zilizokosewa zaidi. Sababu inajulikana: programu hujifunza kutoka picha inazopewa, na nyingi zililishwa nyuso za wazungu au za Wachina. Programu bora zimepunguza pengo hilo tangu wakati huo, lakini mnunuzi asiyepima hawezi kujua ameuziwa ipi. Kosa hilo lina mwili pia. Januari 2020 mwanamume mweusi alikamatwa na polisi wa Detroit, Marekani, mbele ya familia yake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya, kwa sababu mashine iliiona picha ya leseni yake ikifanana na ya mwizi.

Hoja ya pili ni ya hesabu, na ndiyo isiyofahamika zaidi kwa umma. Tuchukue mfano wa kufikirika. Katika soko hupita watu 50,000 kwa siku, na miongoni mwao 5 wanatafutwa. Mashine inayokosea mara 1 tu kwa kila watu 1,000 inaonekana hodari mno. Lakini itawanyoshea kidole watu 50 wasio na hatia. Hata ikiwapata wale 5 wote, kati ya kila watu 11 waliosimamishwa, 10 hawana kosa. Jambo hili limetokea kweli. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Real Madrid na Juventus, Cardiff, Juni 2017, mfumo wa polisi ulitoa tahadhari 2,470, na 2,297 kati ya hizo zilikuwa za makosa. Kosa dogo la mashine, likizidishwa kwa umati, huwa kosa kubwa la kijamii.

Hoja ya tatu ni siasa. Novemba 2020, baada ya mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine kukamatwa akiwa katika kampeni na maandamano kulipuka Uganda, watu zaidi ya 50 waliuawa. Polisi walieleza kwamba walitumia picha za kamera na utambuzi wa uso kuwasaka walioshiriki, na zaidi ya watu 800 walikamatwa. Mfumo ulionunuliwa kwa sababu ya mauaji ya afisa mmoja ukawa chombo cha kuwahesabu waandamanaji. Hakuna sheria iliyobadilishwa ili hilo litokee, kwa kuwa kamera ileile hufanya kazi zote mbili.

Nguvu ya upande huu ni ushahidi uliopimwa. Udhaifu wake ni kwamba hoja ya makosa, ikitumika peke yake, itazeeka: programu zinazidi kuwa sahihi mwaka hata mwaka, na aliyekuwa akisema tu kwamba mashine hukosea atakosa la kusema siku itakapoacha kukosea. Mashine isiyokosea mikononi mwa asiyewajibika ni hatari zaidi kuliko inayokosea. Tena, upande huu mara nyingi haumjibu mama aliyeibiwa, wala askari ambaye mshahara wake umeliwa na jina hewa. Kukataa bila kutoa njia nyingine ni kumwacha mwenye shida na shida yake.

Njia ya kati: sheria kwanza

Kati ya pande hizo kuna wanaosema teknolojia itumike, lakini ndani ya uzio wa sheria. Mwezi Mei 2019 mji wa San Francisco uliwakataza polisi wake kuitumia kabisa. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili bandia ya 2024, umezuia kwa ujumla polisi kupekua nyuso za watu papo kwa papo katika maeneo ya wazi, ukiacha milango michache kama kumtafuta aliyetekwa au kuzuia shambulio la kigaidi. Uingereza, Agosti 2020, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba polisi wa kusini mwa Wales walikiuka sheria, kwa sababu waliachiwa uhuru mkubwa mno wa kuamua nani aingizwe katika orodha ya wanaotafutwa na kamera iwekwe wapi.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Kenya. Mwaka 2019 serikali ilianza kuwaandikisha watu wote katika mfumo wa Huduma Namba. Asasi za kiraia, zikiongozwa na Nubian Rights Forum, zilikwenda mahakamani. Wanubi walijua maana ya kukosa kitambulisho, kwa kuwa kwa miaka mingi walihojiwa zaidi ya Wakenya wengine kila walipoomba. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali watu wanapoishi kwa vipimo vya setilaiti, na ikasema mfumo usiendelee bila kanuni kamili za kuulinda. Oktoba 2021 mahakama hiyo ilitamka kwamba utoaji wa kadi ulikuwa batili, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza. Na Agosti 2023 serikali ilisimamisha kazi ya Worldcoin, iliyokuwa ikipiga picha mboni za macho za watu waliopanga foleni Nairobi ili wapate sarafu za kidijitali.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inakubali faida bila kufumbia macho hatari. Udhaifu wake ni mmoja, lakini mkubwa: inategemea vyombo vilivyo hai. Nairobi kulikuwa na asasi za kulalamika, mawakili wa kuzisimamia, majaji wa kusikiliza na serikali iliyolazimika kujibu. Kongo ina maandishi. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2006 inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya 13 Machi 2023, ijulikanayo kwa Kifaransa kama Code du numérique, ina vifungu vya kulinda data binafsi na inataka kuwe na mamlaka ya kuvisimamia. Lakini sheria iliyochapishwa Kinshasa haimlindi mtu wa Kamina mpaka awepo afisa mwenye jina, ofisi na muda wa kujibu, ambaye mtu huyo anaweza kumfikia bila kupanda ndege.

Uso katika maisha ya kila siku

Mbali na polisi, uso umeingia katika shughuli ndogo ndogo, na huko ndiko watu wengi wa Kamina watakapokutana nao kwanza.

Simu ni mfano wa kwanza. Katika simu za gharama kubwa, kama iPhone, tarakimu za uso hufungwa ndani ya simu yenyewe na hazipelekwi kwa mtengenezaji. Apple inasema uwezekano wa mtu mwingine kuifungua kwa bahati ni 1 kati ya 1,000,000. Simu nyingi za bei nafuu hutumia kamera ya kawaida ya mbele isiyopima kina cha uso, na baadhi zimeweza kudanganywa kwa picha tu. Kwa mwenye pesa katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, funzo ni jepesi: uso ufungue simu kwa urahisi ukipenda, lakini pesa ilindwe kwa namba ya siri. Namba ya siri ikiibwa hubadilishwa siku hiyohiyo. Uso ukinakiliwa, mwenyewe hana mwingine wa kuweka mahali pake.

Safari ni mfano wa pili. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kununua bidhaa wanajua kwamba uwanja wa ndege wa huko una njia ambapo msafiri hupita akitambuliwa kwa uso. Huko ni kuthibitisha: pasipoti ipo, picha ipo, afisa wa kuitwa yupo mashine ikikataa. Kwetu pasipoti ya kisasa ililetwa na kampuni ya Semlex kwa dola 185, bei iliyokuwa miongoni mwa ghali zaidi duniani, na wengi wakashindwa kuipata. Teknolojia inayomrahisishia mmoja huwa ukuta kwa asiyeweza kulipia mlango wake.

Mizani kwa mji kama Kamina

Sasa tupime. Kila kamera inayotafuta uso inahitaji vitu viwili: uso unaopita, na rejista ya kuulinganisha nao. Mazungumzo yote hukaa kwenye kamera, lakini jibu haliwezi kuwa bora kuliko rejista. Na rejista ndiyo jeraha letu.

Kongo haina daftari kamili la raia. Watoto wengi hawasajiliwi wanapozaliwa, na waliokufa hawafutwi. Kilichopo ni daftari la wapiga kura, lenye majina karibu milioni 44 kwa uchaguzi wa Desemba 2023. Daftari la 2018, lilipokaguliwa na Jumuiya ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa, lilikutwa na asilimia 16.6 ya watu wasio na alama za vidole. Kadi za 2023 zilichapishwa vibaya kiasi kwamba nyingi zilifutika, sura na maandishi pamoja, katika muda mfupi. Waliopigwa picha walikuwa wakikimbizana na foleni, na mashine zilitegemea betri na jenereta. Picha za namna hiyo zinatosha kwa karani wa kituo cha kura anayemtazama mtu macho kwa macho. Hazifai kuwa msingi wa kumkamata mtu.

Hatari kubwa iko hapo hasa. Alama za vidole humhitaji mtu aguse mashine. Uso hauhitaji. Kwa hiyo picha zilizotolewa kwa ajili ya kura zinaweza, siku yoyote na bila mwenyewe kuarifiwa, kugeuzwa kuwa orodha ya kupekulia watu barabarani. Kufanya hivyo kungeharibu mambo mawili kwa mpigo: usalama wa asiye na kosa, na imani ya mpiga kura. Katika jimbo ambalo watu tayari hujiuliza kura yao inakwenda wapi, anayeogopa kwamba kujiandikisha ni kujiweka mikononi mwa polisi hatakwenda kujiandikisha.

Kuna pia mizani ya fedha. Kamera moja ya barabarani hudai umeme usiokatika, mtandao wenye nguvu, kompyuta za kuhifadhi, mafundi, na malipo ya programu kila mwaka kwa kampuni ya nje. Kamina ni mji wa reli na wa kambi kubwa ya kijeshi, lakini si mji wa umeme wa uhakika. Fedha ileile ingenunua taa za barabara, redio za polisi, pikipiki za doria na madaftari ya hali ya raia katika komini. Faida za vitu hivyo hazingoji programu isahihishwe, na hakuna kati yake kinachoweza kugeuzwa usiku mmoja kuwa orodha ya waandamanaji.

Upande wa kuthibitisha, mizani inalalia kwingine. Kumhakikisha mwalimu, askari au mstaafu kabla ya kulipwa, ili jina hewa lisile mshahara wake, ni faida inayozidi hatari, kwa masharti manne. Mtu aelezwe picha yake inatumika kwa kazi gani, na isitumike kwa nyingine. Mashine ijaribiwe kwanza kwa nyuso za watu wa hapa, wanawake na wazee wakiwemo, na matokeo yatangazwe. Uamuzi wa mwisho uwe wa mtu mwenye jina na mamlaka, mashine ikibaki msaidizi. Na pawe na njia nyingine kwa yule ambaye mashine inamkataa, ili mstaafu asilale na njaa kwa sababu uso wake umezeeka kuliko picha yake.

Kwa muhtasari

Anayesema kamera za kutambua uso ni usalama, na anayesema ni utumwa, wote wanazungumzia sehemu ya jambo. Kuthibitisha mtu kwa ridhaa yake ni kazi yenye manufaa yanayoonekana, kuanzia kwenye simu hadi kwenye mshahara, na inaweza kuendeshwa kwa haki hata katika nchi maskini ikiwa masharti yatashikwa. Kumtafuta mtu katika umati bila yeye kujua ni kazi nyingine: hukosea zaidi inapowatazama Waafrika, huzaa washukiwa wengi wasio na hatia hata inapokosea kidogo, na huko Uganda imekwisha kutumika katika siasa. Sheria inaweza kuizuia pale tu ambapo kuna chombo cha kuisimamia na mwananchi anayeweza kukifikia.

Kongo kwa sasa ina maandishi ya sheria lakini vyombo dhaifu, ina picha nyingi lakini rejista mbovu, ina hofu ya haki juu ya uhalifu lakini fedha chache za kupambana nao. Kwa hali hiyo, mpangilio wa busara uko wazi. Kwanza daftari la raia, kuanzia uzazi na vifo katika kila komini. Pili, mamlaka ya kulinda data yenye mlango hadi majimboni. Tatu, marufuku ya wazi ya kutumia picha za daftari la kura kwa kazi nyingine yoyote. Baada ya hayo, kuthibitisha kwa uso kunaweza kuanza polepole katika malipo ya umma. Kamera za kupekua umati zisubiri, na anayetaka kuzileta kabla ya hapo ndiye mwenye wajibu wa kueleza atatutambua kwa rejista ipi, na aliyedhaniwa kuwa mwingine atalalamika kwa nani.